Acheni Tubishane kwa Kiswahili

Kila muhula unapoanza, sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala husomewa orodha ya maadui wa lugha. Tumeikariri: kuchanganya ndimi, misimu ya mitaani, simu, na mwisho kabisa gemu. Wanaotusomea orodha hiyo ni walimu tunaowaheshimu, nami sina nia ya kuwavunjia heshima. Lakini heshima si kunyamaza. Naandika makala haya kupinga dai moja tu: kwamba saa ambazo wanafunzi wanne hukaa pamoja wakicheza gemu ni saa zilizoibwa kutoka kwa Kiswahili. Mimi nasema kwamba kwa wengi wetu hizo ndizo saa pekee katika juma zima ambapo Kiswahili chetu kinafanya kazi.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo lililompata mwenzangu wa darasa. Alitaka tasnifu yake ichunguze mazungumzo ya wachezaji wanne wa gemu: arekodi wanavyosemezana, aandike kila sentensi, kisha achanganue nyakati za vitenzi na viashiria wanavyotumia. Pendekezo lilirudi na mstari mmoja wa maandishi: mada haina uzito wa kitaaluma. Akashauriwa aandike kuhusu methali. Sina ugomvi na methali, nimelelewa nazo. Ila kabati la tasnifu limejaa methali tangu sijazaliwa, na sijaona bado tasnifu moja inayoeleza wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda wanasemaje Kiswahili wakati hakuna anayewapa alama.

Kwa wasioufahamu mchezo ninaouzungumzia, nieleze kidogo. Sisi hucheza Ghost Recon Wildlands, gemu ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliyotoka tarehe 7 Machi 2017. Ni gemu ya ulimwengu wazi: mchezaji haongozwi kwenye njia moja kama treni juu ya reli, bali anaachiwa nchi nzima yenye milima, misitu, jangwa la chumvi, vijiji na kambi, aende atakako na aanze kazi aitakayo. Nchi hiyo imepewa jina la Bolivia, na hadithi inasema imetekwa na genge la wauza kokeini kutoka Meksiko. Wachezaji ni askari wa siri wa Marekani waliotumwa kulivunja genge hilo kipande kwa kipande. Watu hadi wanne wanaweza kuingia pamoja, kila mmoja na kompyuta yake, wakiongea kupitia hedifoni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mtu anayetazama kwa nyuma hawezi kuliona. Gemu hiyo hiyo inaweza kuchezwa na mtu mmoja. Ukiicheza peke yako, kompyuta inakupa askari watatu wa kuandamana nawe. Askari hao ni watiifu kupita kiasi. Unawaonyesha maadui kwa kubonyeza kitufe, unabonyeza tena, na wote watatu wanafyatua kwa sekunde ileile. Hawaulizi kwa nini. Hawasemi njia uliyochagua ni mbaya. Unaweza kumaliza gemu yote, wiki baada ya wiki, bila kutamka neno moja la lugha yoyote. Walimu wakiniambia kwamba kucheza hivyo hakumjengi mwanafunzi wa lugha, nitakuwa wa kwanza kuitikia.

Ukicheza na marafiki, wale askari watatu wanaondoka na mahali pao wanakaa watu. Na watu hubisha. Mmoja anataka kuingia kambini usiku, mwingine anataka kupanda helikopta, wa tatu ameshaondoka na gari bila kuaga. Hakuna kitufe cha kuwatiisha. Kilichobaki ni maneno, tena maneno yanayoeleweka mara moja na mtu asiyelazimika kukutii. Hapo ndipo hoja yangu inapoanza, na ili muielewe ni lazima nirudi nyuma kidogo katika historia yetu.

Sisi wa Uganda tuna kisa chetu na Kiswahili. Katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles kilikuwa lugha ya kuamrisha. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile bibi zetu walikisikia penye vizuizi vya barabarani: simama, shuka, toa, lala chini. Vitenzi vinne, vyote vya kuamuru, visivyomwachia anayeambiwa nafasi ya kujibu. Hadi leo ukimwambia shangazi kwamba unasomea Kiswahili, anaweza kukuuliza kama unataka kuwa askari au mwizi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kianze kutumika hivyo na likataka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya yote ni mema. Lakini hofu ya bibi haiondolewi na tangazo la serikali. Itaondoka siku wajukuu zake watakapokisema kwa namna nyingine.

Je, darasani tunakisema kwa namna nyingine? Tunakijua, hilo sikatai. Tunajua ngeli, tunajua viambishi, tunaweza kuchora mti wa sentensi. Ila katika mtihani wa mazungumzo mwanafunzi mmoja huketi mbele ya wahadhiri wawili na kujibu maswali ambayo wanaouliza wanayajua majibu yake. Akikosea anapoteza alama. Hakuna mtu anayepotea njia kwa sababu ya kosa lake, wala anayeachwa mtoni, wala anayepiga kelele kwamba hakuelewa. Mwanafunzi huyo huyo kesho atatumwa shuleni kufundisha Kiswahili kwa watoto arobaini watakaomjibu kwa Luganda au Kiacholi. Atafanya nini? Atarudi kwenye kile alichosikia tangu utotoni: simama, kaa, nyamaza, soma.

Mtu atasema: nyinyi nanyi mmechagua gemu ya askari na bunduki, si mmerudi kambini kulekule? Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba kati yetu wanne hakuna mwenye nyota begani. Amri inajaribiwa, na amri inashindwa. Mtu akipiga kelele "Piga!", wengine watatu wanauliza kwa pamoja: nani? yupi? sasa? Kambi ina walinzi watatu. Asipoanguka hata mmoja wao kwa wakati, atakimbilia king'ora, na askari wengine watamiminika kwa magari. Kwa hiyo "Piga!" haitoshi. Lazima sentensi irefuke.

Ndipo sarufi inapoamka. Mmoja akisema "Nikisema tatu, pigeni," risasi zinatoka pamoja na neno tatu. Akisema "Nikishasema tatu, pigeni," wanaomsikiliza wanangoja neno liishe. Kati ya sentensi hizo mbili kuna silabi moja, na silabi hiyo inatosha kuamsha kambi nzima iwapo wawili wamesikia hivi na mmoja vile. Nimekaa katika mihadhara mizuri kuhusu kiambishi -ki-, lakini sijawahi kuona watu wakibishana juu yake kwa jasho kama nilivyoona katika ukumbi wa gemu, robo saa nzima, hadi tukakubaliana kwamba kwetu sisi itakuwa "nikisema" na asiyetaka aseme mapema.

Chukueni pia neno "hatuoni". Mwenzetu aliyekuwa juu ya kilima alisema kwa sauti ya chini: "Hatuoni." Aliyekuwa bondeni akafurahi, akainuka na kuvuka barabara, kwa kuwa alielewa kwamba mlinzi hatuoni sisi. Msemaji alikuwa na maana kwamba sisi, kwa sababu ya ukungu, hatuoni kitu. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi: mara moja mtendaji ni yeye na sisi tunaonwa, mara nyingine watendaji ni sisi. Kwenye karatasi utata huo ni mfano mmoja wa swali la alama mbili. Pale ulikuwa king'ora. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu husema "yeye hatuoni" au "sisi hatuoni", na hakuna mwalimu aliyetufundisha kuweka kiwakilishi mbele ili kuondoa utata. Haja ndiyo iliyotufundisha.

Viambishi vya mahali ni hivyo hivyo. Vitabu vinatufundisha yupo, yuko na yumo, nasi tunavitumia ovyo kwa kuwa katika insha hakuna anayeumia. Katika gemu, "yuko mnarani" inaniambia nitazame upande wa mnara. "Yumo mnarani" inaniambia yu ndani, simwoni, nisipoteze risasi. Na ukisema "kushoto" bila kusema ni kushoto kwangu au kwako, umewatuma watu wawili pande mbili tofauti. Mambo haya si mapambo ya lugha. Ni lugha ikifanya ile kazi iliyozaliwa kuifanya, yaani kuwawezesha watu wasioona kitu kimoja kutenda jambo moja.

Kuna jambo jingine ambalo darasa letu, kwa namna lilivyo, haliwezi kutupa. Kikundi chetu kina Mkongo wa Bukavu, Mrundi aliyekulia Buyenzi mjini Bujumbura, Mkenya wa Busia, na mimi niliyekisoma Kiswahili shuleni Mbale. Lugha nyingine inayotuunganisha sote wanne haipo: Mrundi na Mkongo wana Kifaransa, mimi na Mkenya tuna Kiingereza, na Kiswahili tu ndicho kinachovuka katikati. Mwanzoni Mkongo akisema "batu batatu banakuya", Mkenya alicheka. Baada ya wiki mbili hakucheka tena, kwa sababu alikuwa ameelewa kwamba watu watatu wanakuja, tena wanakuja upande wake. Mkongo naye, bila kuchapwa wala kuandikiwa kwa kalamu nyekundu, akaanza kusema "wanakuja" pale sentensi ilipokuwa ya haraka na ikabidi wote waishike. Alipotaka kutuchekesha alirudi Bukavu. Hivyo ndivyo ninavyouelewa usanifu wa lugha: watu wa mbali hukutana katikati kwa kuwa wana kazi ya pamoja, na kila mmoja anabaki na nyumbani kwake. Tukifundishwa kwamba Kiswahili cha Kivu ni kosa, tunaonyimwa ni sisi. Tukifundishwa kukisikia, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, inakuwa kitu tunachoweza kuzungumza nacho.

Najua pingamizi zinazokuja, nami nitajibu mbili.

La kwanza ni muda na fedha. Ukumbi wa gemu hutoza kwa saa, bando la intaneti halina huruma, na wapo wanafunzi wanaokesha mbele ya kompyuta na kulala darasani. Hao siwatetei. Ninachotetea hapa ni jambo lenye mipaka: watu wanne, saa mbili, Jumamosi alasiri, kanuni ikiwa ni Kiswahili tu. Mpira wa miguu nao unaweza kumpotezea mtu masomo akiufuata kila siku, lakini hakuna aliyewahi kuuweka kwenye orodha ya maadui wa lugha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nashangaa kwamba wanaotupinga hawalitumii. Ni hadithi yenyewe ya gemu. Mwezi ule ule wa Machi 2017 serikali ya Bolivia ilipeleka malalamiko rasmi kwa ubalozi wa Ufaransa, ikisema nchi yake imechorwa kama dola ya wauza dawa za kulevya. Kampuni ikajibu kwamba hiyo ni kazi ya kubuni tu. Sisi tunalijua jibu hilo. Wageni wengi wanaijua Uganda kwa filamu ya mwaka 2006, The Last King of Scotland, ambayo daktari wake wa Kiskoti ni mhusika wa kubuniwa aliyewekwa katikati ya mauti ya watu wetu halisi. Tukiwaambia hatukupenda, wanasema ni filamu tu.

Mjadala huu ulitushukia tukiwa ndani ya gari la gemu, tukipita kijijini, wanakijiji wakikimbia kwa kusikia milio ya risasi zetu. Mkongo akasimamisha gari. Akauliza: je, gemu hii ingewekwa Kivu, na hao wanaokimbia wangekuwa jirani zangu, mngeicheza? Hakuna aliyejibu haraka. Mrundi alisema angeicheza ili ajue wenzake wanaambiwa nini kuhusu kwao. Mkenya alisema tofauti ya bidhaa na hadithi ni nani anayelipwa. Mimi nikataja jani la koka, ambalo katiba ya Bolivia ya mwaka 2009 inalilinda kama urithi wa wenyeji wake, ambalo wazee wa huko hulitafuna na kulinywa kama chai, na ambalo katika gemu linafungamanishwa na unga wa kokeini. Mkongo akataka kujua kama mairungi yetu, ambayo Wakenya huita miraa, tungependa yaelezwe hivyo na Mfaransa. Tulibishana hadi ukumbi ukafungwa, kwa Kiswahili, juu ya haki, ukoloni na nani ana ruhusa ya kusimulia nchi ya nani. Maadui wa gemu walikuwa bado wamesimama kambini wakingoja kuuawa.

Askari watatu wa kompyuta wasingeuliza swali lile. Mchezaji wa peke yake humeza hadithi kama alivyopewa, kwa kuwa hakuna wa kumsimamishia gari. Kwa hiyo pingamizi la Bolivia halinishindi. Linanionyesha kwa nini tucheze pamoja na kwa nini tuongee.

Hapa nawageukia wachezaji wenzangu, maana na wao wana lawama. Mkiulizwa na wahadhiri, jibu lenu ni "ni mchezo tu". Jibu hilo ni la kujitetea, na ni bovu. Likiwa ni mchezo tu, basi walimu wana haki kutuambia tuuache. Tena ni jibu lile lile la kampuni kwa Bolivia. Huwezi kutaka kitu chako kiheshimiwe na wakati huo huo ukasema hakina maana. Na wale mnaocheza pamoja kwa Kiingereza cha kuokoteza, "go, go, shoot", mkitoka hapo mkalalamika kwamba Kiswahili ni kigumu kukisema, mnalalamika mkiwa mmeshika ufunguo mkononi.

Naomba mambo matatu, nami nayaomba waziwazi.

Kwanza, idara ikubali tasnifu zinazochunguza Kiswahili kinachosemwa leo na vijana, uwe ni ukumbi wa gemu, stendi ya bodaboda au chumba cha bweni. Uzito wa kitaaluma unatokana na namna mtu anavyochunguza. Mada haizaliwi nao.

Pili, mtihani wa mazungumzo ubadilishwe. Hauhitaji kompyuta hata moja. Waketisheni wanafunzi wawili wakipeana mgongo. Mmoja apewe ramani yenye njia, mwingine ramani isiyo na njia, na wapewe dakika kumi wafike. Mtaona mara moja nani anajua "yumo" na nani ameikariri. Mtaona pia nani anamwambia mwenzake "nenda, geuka, simama", na nani anamwuliza "unaona nini hapo ulipo?"

Tatu, sisi wachezaji tuwe na adabu ya kikundi: Kiswahili tu, muda uliopangwa, na mtu yeyote awe na haki ya kusimamisha gari na kuuliza tunachofanya katika nchi hii ya watu.

Wahadhiri wetu wapendwa, katika miaka michache ijayo sisi ndio tutakaotumwa Gulu, Mbarara, Arua na Soroti kuwafundisha watoto lugha ambayo bibi zao waliiogopa. Tukienda na Kiswahili cha kuamuru peke yake, tutaithibitisha hofu ile, hata kama ngeli zetu hazina dosari. Tunahitaji kwenda na Kiswahili cha kuuliza, kungojana, kukatazana na kukubaliana. Hicho hakipatikani kwa kukariri. Kinapatikana mahali ambapo watu wana kazi moja na hawana mkubwa, na sisi tumepata mahali kama hapo, japo pana makelele na king'ora.

Mnaweza kuanza kwa jambo dogo lisilogharimu shilingi: mwenzangu arudishiwe mada yake.